RULA YA MFUKONI: MANENO YA FUNDI SEREMALA KWA WAKULIMA

(Hotuba iliyosomwa mjini Rujewa mbele ya wanachama na viongozi wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Natoa shukrani nyingi kwa heshima niliyopewa. Bwana Katibu aliponiandikia barua alinitaka niseme juu ya ufundi na ushirika. Jambo hilo ni pana mno kwa mtu ambaye umri wake wote ameupitisha nyuma ya randa. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya kitu kimoja kidogo, ambacho huingia katika mfuko wa shati, nacho ni hiki nilichokishika: rula ya chuma ya sentimita 15. Naona baadhi yenu wanacheka. Si vibaya. Hata mimi nilipokuwa kijana nilidhani rula ni rula, na kwamba fundi hujulikana kwa msumeno wake. Jambo lililonifundisha kinyume chake nitalieleza kwanza, maana ni jambo la aibu, na la aibu hutangulizwa ili mtu apumue.

Nilikuwa nimetoka katika uanagenzi, sina mwaka mmoja tangu nianze kujitegemea. Kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa na ghala la mbegu za mpunga. Mbegu ziliingia ghalani kwa debe la bati, kila debe lita 20, nalo likafutwa kwa kijiti usoni ili lisizidi. Debe lile lilipotoboka waliniagiza niwatengenezee sanduku la mbao la kipimo kilekile. Nikapiga hesabu vizuri: upana milimita 300 kwa ndani, urefu milimita 300, kimo milimita 222. Zidisheni wenyewe mkifika nyumbani. Mtapata lita 20 kasoro kijiko. Mbao zilikuwa za mninga, viungo vyangu vilikaza, na watu walisifu.

Lakini rula yangu siku zile ilikuwa futi ya mti ya kukunja, niliyorithi kwa fundi aliyenifunza. Ncha yake ilikuwa na kibati cha shaba, nacho kilikuwa kimeng'oka zamani, na mti wenyewe ukalika. Milimita nne za mwanzo hazikuwapo. Mimi nikaweka ncha ile iliyolika kwenye ukingo wa ubao, nikasoma 300, nikakata. Ubao ukawa 296. Nikafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, na kwa kimo pia, nikapata 218. Sanduku likachukua lita 19 na sehemu moja ya kumi.

Kila mwanachama alipewa masanduku yake ya mbegu, na jumla masanduku 200 yalitolewa. Kitabu kilisema ghala limekwisha. Mwenyekiti wa kikundi alipofungua mlango akakuta mbegu karibu debe tisa zimebaki sakafuni. Hapo ndipo fitina ilipoanza. Baadhi ya wanachama walikwisha kupima mbegu zao nyumbani na kuona zimepungua. Sasa wakaona ziada ghalani. Wakajumlisha mambo mawili wakapata mwizi. Mtunza ghala, mzee mwaminifu ambaye alikuwa akihesabu hata magunia matupu, akasimamishwa kazi. Watu waliacha kumwamkia njiani.

Mimi sikujua lolote, kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi mbali. Niliporudi niliitwa kutengeneza bawaba za mlango wa ghala lile, nikasikia habari. Moyo ukanipiga. Nilikuwa nimeazimwa rula ya chuma na fundi mmoja wa mitambo, nikaitia ndani ya sanduku langu. Sikuwa na haja ya kuitia mara ya pili.

Nilikwenda kwa wazee nikasema kosa ni langu. Mbegu zile zikagawanywa, sanduku jipya nikalitengeneza bila malipo, na mzee akarudishwa kazini mbele ya mkutano. Nilipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi hakunikemea. Aliniambia tu, "Mwanangu, hebu nione hiyo futi yako." Nikampa. Akaigeuzageuza, akatazama ncha yake, kisha akasema, "Niachie mimi, mama yako hapa jikoni amepungukiwa kuni." Basi futi niliyorithi ikapika ugali.

Tangu siku ile, mabwana na mabibi, nimekuwa mtu wa kuudhi katika maduka ya vyombo vya ujenzi. Wenye maduka wananijua. Nikiingia kununua rula hukaa muda mrefu kuliko mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Nitawaeleza ninachokitafuta, maana najua kwamba wengi wenu mna mafundi vijijini, na wengine mna wana wanaojifunza kazi hii, na vyama vyenu hulipa fedha kwa milango, madawati, mizinga na mbao za mifereji.

Kwanza kabisa natazama ugumu. Ziko rula za chuma chembamba, unene wake nusu milimita au chini yake, ambazo hupinda kama ulimi wa nyoka. Hizo zina kazi yake, kama kupima kitu cha mviringo. Lakini kwa seremala naona rula ngumu ndiyo bora, yenye unene wa milimita moja hivi na upana wa vidole viwili vyembamba. Ukiishika ncha mbili na kuibonyeza kwa gumba katikati, inakataa. Sababu yake ni hii: rula ngumu husimama kwa ukingo wake. Ukiisimamisha juu ya ubao uliopigwa randa, kisha ukauinua ubao kuelekea dirishani, mwanga utakuonyesha palipo na bonde na palipo na kilima. Hali kadhalika, unapotaka kuhamisha kipimo, rula ikisimama kwa ukingo alama zake hugusa mti wenyewe. Ikilala bapa, alama ziko juu kwa unene wa chuma, na jicho lako likiwa upande wa kushoto utasoma vingine, likiwa kulia utasoma vingine. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa akikosea nusu milimita kila siku kwa upande uleule, hata nikagundua kwamba alizoea kuinamisha kichwa.

Pili natazama ncha. Katika rula ya seremala sifuri ni lazima ianzie penye ncha yenyewe. Rula za plastiki za shule huacha nafasi kidogo kabla ya sifuri. Kwa mwanafunzi zafaa, bali ndani ya kona ya sanduku huwezi kupima nazo. Tena ncha iwe mraba kamili. Mwombe mwenye duka guni, uweke pembe ya guni kwenye ncha ya rula: pasipite mwanga. Nyingine hukatwa kwa mashine butu, na ncha hubaki na ukali ambao huinua rula kama mguu wa meza mfupi. Ukali mdogo waweza kuondolewa kwa jiwe la kunolea, lakini kwa nini ununue kazi wakati unanunua chombo?

Tatu ni alama. Alama zilizochorwa ndani ya chuma hubaki. Zilizopakwa rangi juu hufutika kwa jasho na gundi. Jaribu kwa ukucha: ukucha ukikwaruza polepole juu ya alama utazihisi kama zimechimbwa. Na uso wa rula using'ae kama kioo. Hapa kwetu Usangu jua halitusamehi, na fundi wengi hufanya kazi chini ya mti. Rula inayong'aa humtupia fundi jua machoni, akakisia. Uso mkavu wa kijivu, alama nyeusi, hiyo ndiyo yangu. Juu ya alama ndogo ndogo, wengine hujivunia rula yenye inchi iliyogawanywa sehemu 64. Mimi nasema mtu aliyevuka miaka arobaini hazioni, na asiyezioni huzihesabu kwa matumaini. Milimita safi ukingo mmoja, na nusu milimita ukingo wa pili, yatosha kwa mlango, dawati na mzinga.

Sasa naja penye uhakika wa kipimo chenyewe, na hapa ningependa mnisikilize kwa makini, maana nitawapa jaribio lisilogharimu hata senti moja.

Babu zetu walipima kwa shibiri na dhiraa na pima, na kila mtu alibeba rula yake mwilini. Uzuri wake ni kwamba haikusahaulika nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi wa nguo alitaka mwenye mkono mrefu apime. Kisha ikaja inchi ya Waingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikahamia kwenye mita. Lakini twendeni sote Mafinga, penye mbao za misindano kutoka msitu wa Sao Hill, tukaulize bei. Hatutaambiwa milimita. Tutaambiwa mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, futi 12. Kitasa kinatoka nchi za nje kikiwa na kipimo cha milimita. Kwa hiyo fundi wetu huishi katika nyumba mbili, mguu mmoja katika inchi na mmoja katika milimita, na rula yenye kingo zote mbili humfaa.

Inchi na milimita zina mapatano. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine zilizotumia inchi zilikubaliana kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Basi zidisha kwa tano: inchi tano ni milimita 127 kamili. Hilo ndilo jaribio langu. Chukua rula yenye inchi upande mmoja na milimita upande wa pili, zote zikianza ncha ileile. Tafuta inchi ya tano, kisha vuka ng'ambo kwa guni au kwa ukingo wa karatasi iliyokatwa sawa. Ukikuta alama ya 127 imesimama uso kwa uso nayo, rula hiyo ina adabu. Ukikuta imekaa 126 na nusu, irudishe. Kwa rula ya sentimita 30 tumia inchi kumi, nazo ni milimita 254.

Jaribio hili halimalizi mambo yote. Yaweza kuwa alama za pande zote mbili zimevutwa pamoja, zikakosea kwa kiasi kimoja na kupatana katika uongo, kama mashahidi wawili waliokula pamoja. Kwa hiyo jaribu pia rula hiyo na nyingine ya mtengenezaji mwingine, ncha kwa ncha, ukitembea kwa jicho kutoka mwanzo hata mwisho. Kisha ijaribu kwa nafsi yake: piga alama mbili za kisu kwenye ubao mgumu kwa kutumia sifuri mpaka 100, halafu pima alama zilezile kwa kutumia 30 mpaka 130. Zisipolingana, ama ncha imelika, ama alama zimepigwa ovyo. Laiti ningalifanya jaribio hilo kwa futi yangu ya kukunja, mzee yule asingalipita njiani bila kuamkiwa.

Mtu ataniuliza, rula ya plastiki ina ubaya gani, nayo ni rahisi? Mbali na kuvunjika, hutanuka kwa joto. Plastiki ile ngumu inayopitisha mwanga, ikiwa na sentimita 30, joto likipanda digrii 20, hurefuka karibu nusu milimita. Chuma cha urefu uleule hurefuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Nayo mbao ikikauka au kunywa maji hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kuliko vyote hivyo, lakini huo ndio ugonjwa wa mbao, na fundi asiongeze ugonjwa wa rula juu yake.

Na futi ya kuvuta? Ninayo, naipenda kwa mambo marefu, kama kenchi na milango. Lakini ndoano yake ya mbele hucheza mbele na nyuma, na watu huniletea nizipigilie nyundo zisicheze. Hasha! Imewekwa icheze kwa kadiri ya unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sawa unapovuta kwa nje na unaposukuma kwa ndani. Ukiipigilia umeiharibu. Kwa kazi iliyo chini ya shibiri moja iacheni kiunoni, mtoe rula mfukoni.

Nimesema kwamba jambo hili lawahusu wakulima, nami nitatoa mifano miwili tu.

Mnazijua mbao tunazoziteremsha katika mifuo ya zege kwenye milango ya mifereji, ili kuzuia maji au kuyaachia. Fundi akizikata kwa urefu uliobana mfuo, hazishuki sawa. Akizikata fupi kwa vidole viwili, maji hupita pembeni usiku kucha, na jirani wa chini hulaumu jirani wa juu. Nami mara nyingi nimeona ugomvi wa maji ambao ulikuwa ni ugomvi wa ubao. Mti ukiloa hautanuki kwa urefu kiasi cha kuhesabika, bali kwa upana na unene. Kwa hiyo urefu wake waweza kukaribia kabisa upana wa mfuo, ukiacha milimita chache tu za kuteleza, lakini unene ndio wa kuachiwa nafasi. Haya hayapimwi kwa macho.

Mfano wa pili ni nyuki. Mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aligundua mwaka 1851 kwamba nyuki huheshimu nafasi ya milimita sita mpaka tisa hivi. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo huiziba kwa gundi yao. Ikizidi huijenga masega. Ndipo fremu za mzinga zilipoweza kutolewa bila kukatwa. Katika mizinga ya viunzi vya juu, ambayo vikundi vingi vinaitumia, kila kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika hupewa upana wa milimita 32, ili sega moja likae juu ya kiunzi kimoja. Nimeiona mizinga ambayo fundi alitengeneza viunzi vya milimita 36 kwa kukisia. Nyuki hawakumkosoa kwa maneno. Walianza vizuri kiunzi cha kwanza, cha pili wakapinda, na kufika cha sita sega lilikuwa limekatiza viunzi vitatu. Siku ya kurina, kuinua kimoja ni kuvunja vyote.

Niruhusuni niongeze neno juu ya reli, kwa kuwa inapita hapa hapa Rujewa. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina milimita 1,067 baina ya pau zake, yaani futi tatu na inchi sita. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Hakuna fundi aliyekosea. Kila upande ulipima sawasawa kwa kipimo chake. Tofauti ni milimita 67, chini ya nusu ya rula hii, na kwa sababu yake behewa la njia moja haliwezi kukanyaga njia ya pili, na huko Kidatu zinapokutana mizigo imekuwa ikishushwa na kupakiwa upya. Naleta habari hii kwa viongozi wa vyama vya msingi hasa. Mkiagiza madirisha kwa fundi wa kijiji hiki na fremu kwa fundi wa kijiji kile, haitoshi kila mmoja awe hodari. Wapimeni wote kwa rula moja.

Hapo ndipo lilipo ombi langu, Bwana Mwenyekiti. Chama Kikuu kina mizani ya kupimia mpunga, na mizani ile, kama vipimo vyote vya biashara, hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa mhuri. Hatuna kitu cha namna hiyo kwa mafundi wetu. Naomba Chama kinunue rula moja ngumu ya chuma kisichoshika kutu, ya sentimita 30, iliyochaguliwa kwa majaribio niliyoyataja, nayo iwekwe ofisini katika kitambaa chenye mafuta kidogo. Isifanye kazi yoyote. Isikate karatasi, isifungue makopo ya rangi, isikoroge chai ya karani. Iwe mama wa rula, na mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kila fundi anayepewa kazi na chama cha msingi aje alinganishe yake nayo. Gharama yake haifiki bei ya gunia moja la mpunga.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Rula ya mfukoni ifutwe jioni, ikae mbali na maji ya mashamba, wala isitumiwe kama bisibisi. Ncha ndiyo uhai wake, na ncha huuawa kwa kukwangulia gundi iliyokauka. Katika karakana yangu kosa hilo lina adhabu, nayo ni kufagia kwa wiki moja, na mimi mwenyewe nimekwisha kufagia mara mbili. Usimwazime mtu usiyejua ataifanyia nini.

Nimeambiwa chakula kiko tayari, na wali wa Mbarali haungoji hotuba. Nimeleta rula mbili. Moja nimempa Bwana Katibu, iwe ya ofisi mpaka Halmashauri itakapoamua. Ya pili nitakuwa nayo pale mezani chini ya mwembe, pamoja na guni na ubao mgumu. Mwenye rula mfukoni au nyumbani karibu aje nayo, tutazame inchi ya tano imesimama wapi.